Kahawa Iliyomenywa kwa Fundi

Nilipopigiwa simu kwamba baba amefariki, nilikuwa Tunduma, kwenye yadi ya malori ninakolinda mizigo inayosubiri kuvuka mpaka. Nilimaliza kula chipsi zangu, kisha nikapanda gari kwenda kwetu Itaka. Tukazika. Watu walilia, mimi nilitazama udongo, nikawa nawaza jinsi ulivyo mwekundu hata kule chini kabisa.

Siku chache baadaye kahawa iliiva yote kwa mpigo. Dada yangu, aliyebaki na baba miaka yote niliyokuwa nazurura, alichuma tangu alfajiri, akajaza magunia. Kahawa mbivu haingoji. Ikilala bila kumenywa inachacha, na mnunuzi anaijua kwa harufu tu. Mashine ya mkono ya kuimenyea ilikuwa senta, penye maduka ya kijiji, kwa fundi wa kuchomelea. Baba aliipeleka imevunjika, fundi akaitengeneza, na baba akafa kabla hajalipa. Sisi tulichokuwa nacho kilikwisha msibani.

Tukaenda. Dada alimwomba fundi atuachie mashine kwa siku ile tu, jioni tungeirudisha. Fundi ni mpole, hata makaburini alikuja. Alikuwa ameshaanza kufungua mnyororo alioifungia alipoingia mwenyekiti wa kikundi cha kukopeshana, mama mmoja aliyevaa koti kubwa la kiume kwa sababu ya baridi. Akasema mashine ile ni rehani ya kikundi. Baba aliiweka alipokopa mbolea; deni lisipolipwa inauzwa, hata iwe imekaa kwa nani.

"Ichukue basi, mama," fundi akasema. "Ila kwanza uirudishe iwe vipande kama nilivyoikuta."

Mama akamwambia asijifanye mjanja. Fundi akanigeukia mimi, maana huku mtu akitoka Tunduma hudhaniwa anajua sheria. Akauliza kama akituachia mashine atakuwa amekosea.

Shule niliacha darasa la sita, lakini jambo hilo nilikuwa nalijua. Kule yadini nilimsumbua wakala mmoja wa forodha kwa maswali mpaka akanieleza. Rehani, alisema, inakaa kwenye kitu chenyewe. Mwenye kitu anaendelea kukitumia, anazunguka nacho, na rehani iko palepale. Haki ya fundi ni nyingine: ni haki ya kushikilia kitu mpaka alipwe kazi aliyokifanyia, na inaishi mikononi mwake. Akikiachia kwa hiari yake, haki hiyo imekwisha. Anabaki anadai kama mwenye duka aliyekopesha sukari. Ndiyo maana kwetu yadini geti halifunguliwi kabla ya malipo.

Nikamweleza fundi hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya pakiti ya chumvi. Akaurudisha mnyororo.

Dada akanigeukia. "Wewe umekuja kumzika baba au kutufungia mashine?"

Nilijua hapo ndipo mtu huona aibu. Sikuona kitu. Niliendelea kuitazama mashine, nikawaza ni kipi hasa kisichotakiwa kutoka getini. Mashine. Kahawa haikushikwa na mtu. Nikamuuliza fundi kama kahawa inaweza kuingia.

Alifikiri, akauliza kama hilo nalo litamharibia haki yake. Nikamwambia mashine itabaki kwake, amefunga yeye. Sisi tutazungusha mpini tu. Mama mwenyekiti alisema rehani yake haipungui kwa kuzungushwa, na kahawa ikiuzwa ndipo kila mtu atalipwa.

"Ila atakayeanza kulipwa ni mimi," fundi akasema.

"Utaanza wewe, maana una kelele," mama akajibu, akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

Tulileta magunia kwa bodaboda. Fundi alitupa maji. Dada alikuwa akimimina kahawa juu, mimi nazungusha, punje zikateremka zinateleza, maganda yakarundikana upande wa pili kando ya vyuma vya fundi. Hadi giza linaanza kuingia tulikuwa kwenye gunia la mwisho, na hakuna iliyochacha. Dada akachota punje kiganjani, akaziangalia.

"Unazungusha haraka mno," akasema. "Unapasua punje. Baba alikuwa anakwenda polepole."

Nikapunguza.