Shikamoo ya Mama Nakijwa

Mwanangu, nikiikumbuka ile sikukuu ya mtakatifu somo wa kanisa letu, uso huniwaka hadi leo. Nilikuwa mnovisi kama wewe, kijana aliyevaa kanzu ya utawa juzi tu, akajiona keshafika mbinguni. Katika monasteri yetu, huku milimani juu ya Same, watawa wamepika bia tangu zamani, ya wageni na ya sikukuu. Nami nilipangiwa kazi hiyo chini ya Bruda Kasiani, mpishi wetu mzee.

Baada ya misa nikamkuta Mama Nakijwa wa kijiji cha Vudee, mjane wa rika la mama yangu, ameketi kando ya ukuta wa kanisa na ndoo ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Nikapaza sauti ili watu wasikie.

"Mama, huoni haya kuuza pombe mlangoni kwa Mungu?"

Akaitazama mikono yangu, bado ina unga wa kimea. Kisha akainama, akasema taratibu, "Shikamoo, baba."

Nami, mwanangu, nikaitika, "Marahaba." Ulimi hauna mfupa.

Bruda Kasiani alikuwa nyuma yangu. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Umepokea shikamoo ya mama yako," alisema. "Na hiki tunachopika sisi kinaitwaje? Maji ya baraka?"

Kesho yake nikaenda Vudee kuomba radhi. Mama Nakijwa alinipa kiti, akaniwekea makande. Nikamwomba radhi kabla ya kuyagusa.

"Nimekusamehe," aliniambia. "Ila pale kanisani sirudi. Nikifika mlangoni nitaisikia tu ile marahaba yako."

Na kweli hakurudi. Nilimsihi mara nyingi. Alinilisha, akanisindikiza, basi. Alipougua, padri alimpelekea komunyo kitandani, nami nikabaki uani, nisiweze kuingia.

Siku hizi bia yetu hutiwa kwenye chupa nzuri, wageni huipiga picha kwa simu zao na kunisifu. Sifa zao hazinikai.

Nyani haoni kundule, mwanangu. Kabla hujamkemea mtu, nusa kwanza kanzu yako. Ukiwa na neno naye, mwamkie, kisha mvute kando. Na usijidanganye kwamba msamaha hurudisha kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe ulimi mzito wa kuhukumu, mwepesi wa kusalimu. Na asiwepo mama atakayekosa kiti kanisani kwa sababu yako.