Wimbo wa Kwanza Usio na Maneno

Enzi zetu kijijini Ngana, wimbo ulisikilizwa mpaka ukaisha. Msicheke, hatujazeeka, mliokaa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, kuamia ndege mpunga ukiiva mtanielewa. Harufu ya mashuke, ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, makopo yaliyotundikwa kwenye kamba, na makoo yaliyokauka kwa kupiga kelele.

Mimi kelele sikuwa nazo. Nilikuwa na haya. Hata kanisani nilichezesha midomo tu wenzangu wakiimba. Ndege walinijua, wakatua upande wangu. Mama aliniuliza, "Tusa, hao kwelea unawafukuza au umewaalika harusini?"

Ndipo mjomba, aliyefanya biashara ng'ambo ya mto, Malawi, akatuletea redio na CD moja ya roki nzito, magitaa yananguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Alisema nyimbo zote ni hadithi moja, ya mtu anayetafuta njia ya kurudi kwao. "Usiruke hata mmoja, utapotea naye." Mama akakubali iwe ya kufukuzia ndege, kwa sharti: wakila jaruba la mbele, redio inarudi Malawi.

Asubuhi nikapanda dunguni na binamu yangu Ambwene, nikaanza mwanzo kama nilivyoambiwa. Kumbe wimbo wa kwanza hauna maneno. Gitaa moja tu, polepole, kama mvua inayoanza kwenye majani ya mgomba. Niliupenda palepale, haukunidai niimbe. Kwelea nao waliupenda. Walishuka kundi zima.

"Ruka huo! Wanamaliza mpunga!" Ambwene alifoka.

Nikafunika kitufe kwa kiganja. Mama alikuwa anakuja mbio juu ya tuta, kanga mkononi. Nikajua redio imekwenda.

Gitaa likanyamaza. Mara ngoma za wimbo wa pili zikapasuka, magitaa yote yakafuata, na kwelea wakanyanyuka kwa mkupuo mmoja, wakapita juu yetu kama wingu kuelekea ziwani. Mama akasimama. Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta.

"Kumbe wa kwanza unawaketisha, wa pili unawafumania! Ndaga fijo, kaka yangu huko Malawi, asante sana." Kisha akanitazama. "Redio inabaki. Hebu rudisha mwanzo, nami niusikie."

Nikaurudisha mwanzo.

Siku hizi mdogo wangu ana simu iliyojaa nyimbo, na kidole chake huruka gitaa kabla halijatulia. "Dada, huyu anaanza kuimba saa ngapi?" Namwambia asubiri. Hawezi. Simlaumu, shamba letu sasa ni kakao, hakuna mtoto anayekauka koo tena, na hilo nalishukuru. Ila namhurumia kidogo: hajawahi kuuogopa wimbo ukiwa katikati, kisha ukamwokoa.