Bango la Kaka Kwenye Kona

Tangu idara ya barabara itoe amri kwamba mabango yote yaliyo karibu mno na lami yaondolewe, mkaguzi hakuwa na raha. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alitembea na kamba ya kupimia na kopo la rangi nyekundu. Bango lililozidi mpaka alilichora alama ya X, akamweleza mwenyewe kwamba ana wiki moja, akaendelea na safari. Wapo waliomtukana, wapo waliombembeleza, na mama mmoja wa saluni alilia. Hayo aliyazoea. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kwenye kona ya mteremko, mbele ya karakana ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Bango lile alilitengeneza mwenyewe, pana kama ukuta, na juu yake simba wawili wa bati. Mkewe alizoea kumtania kwamba angeoa bango tu yakaisha. Tena kaka huyo ndiye aliyemlea mkaguzi wazazi wao walipofariki. Sare, nauli, hadi chuo, vyote vilitoka kwenye cheche za mashine yake. Lakini ukishuka mteremko ule kwa gari, bango lilikuziba macho usione watu wanaovuka mpaka uwe umeshawafikia.

Mara mbili mkaguzi alipita hapo na gari la idara, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Dereva, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, aliendelea kuendesha. Mara ya tatu alisimama bila kuambiwa, akazima injini.

Mkaguzi akamwomba akapake yeye. Dereva akakataa kwa upole, akasema kaka mtu akiona katumwa mgeni ataumia mara mbili.

Basi akashuka. Akaanza kukunjua kamba, kopo la rangi miguuni pake. Kaka yake akatoka karakanani, miwani ya kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso, anatabasamu, akidhani mdogo wake kaja kumsalimia. Alipoliona kopo, tabasamu likaisha.

"Na mimi umekuja kunichora?"

"Ndiyo, kaka."

"Hata simu hukuweza kunipigia kwanza?"

Hilo ndilo lililomchoma, kwa kuwa jioni nyingi alikuwa ameitafuta namba yake na kukata kabla haijaita. Akajaribu kumweleza habari ya watu wanaovuka. Kaka yake hakubishana. Alimshikia kamba upande wa pili, akasubiri rangi ipakwe, akarudi ndani.

Wiki ile haikwenda. Wifi yake hakupokea simu. Kila simu ya ofisini ilipolia alidhani kuna ugomvi kwenye kona. Vijana wa idara wa kubomoa mabango aliwajua, hawana subira; na kaka yake alimjua, haongei sana ila akikasirika hashikiki. Mumewe alimshauri achukue likizo. Akamjibu kwamba likizo haifuti rangi.

Siku ilipofika alipanda lori pamoja na vijana wale. Kwenye kona hapakuwa na kitu. Mashimo ya nguzo yalikuwa yamezibwa kwa saruji mbichi, na bango limelazwa uani, limekatwa miguu. Kaka yake alikaa kwenye stuli, macho mekundu, anakunywa chai.

"Nikilipandisha juu ya paa je?" akamuuliza.

Mkaguzi alitamani sana kusema sawa.

"Hata la paa lina kibali chake, kaka."

Kaka yake akaligeukia bango lililolala uani.

"Basi utanionyesha kinaombwa wapi," akasema mwishowe, akamwita mkewe alete kikombe kingine.

Wifi alikileta, akakitua mezani bila kumwangalia mgeni wake. Chai haikutiwa sukari. Mkaguzi akainywa yote.