Viti Vinne vya Kuazima

Mwaka wangu wa tatu wa kusomea sheria nilikuwa msichana asiyevumilika. Mtu akisema "wakimbizi wa Nyunzu" nilimkatiza hapohapo: mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka, aliyepanda boti akashukia Kigoma, hawa wetu hawajavuka kitu, ni watu waliohamishwa ndani ya nchi yao, na haki zao zimeandikwa kwingine. Haki zilinijaa kichwani. Mama yangu, ambaye huuza ndagala, dagaa wa ziwani, hapa Kalemie, alinisikiliza siku moja akauliza kama hizo haki zinapikwa au zinaliwa mbichi. Nilimkasirikia siku mbili.

Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo nilikuwa nakwenda kambini, nje ya mji, kwa mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Nyunzu. Alikuja kwa miguu kupitia Niemba, yeye na binti yake mjamzito. Mumewe aliuawa huko, na hakujua kama kuna mtu aliyemzika. Miezi mitatu nilikaa kwenye mkeka wake nikiandika. Hakuniomba chochote, na aliniita mwanangu. Kibanda chao kilikuwa cha nyasi zilizooza. Binti alipokwisha kujifungua, mvua ikianza alimfunika mtoto kwa beseni. Walikuwa wakitafuta kitu kimoja tu: turubai, kabla ya mvua kubwa.

Ndipo shirika moja likatafuta wanafunzi wa kupita kibanda kwa kibanda na kuandika nani ana shida zaidi. Nilichaguliwa, nikapewa kizibao chenye nembo mgongoni, nikavimba kichwa. Siku moja kabla nilimpitia mama yule nikamwambia kesho asiende shambani, tutakuja na msimamizi wetu kwa habari ya turubai. Sikuongeza neno. Laiti ningeongeza.

Mgeni anakuja, mama aliyelelewa vyema afanye nini? Tulikuta ua umefagiliwa. Viti vinne vya plastiki vilikuwa vimepangwa kivulini, na nilivijua, vilikuwa vya kwaya ya kanisa. Kulikuwa na sufuria tatu za jirani, zimesuguliwa kwa mchanga. Mwenyewe alivaa kitenge chake cha sikukuu. Na juu ya meza ndogo aliweka bugali na samaki, mikebuka wanono, ambao sijui aliwapata wapi, wala sikuuliza.

"Karibuni, Papa," akamwambia msimamizi. "Karibu, mwanangu. Mukae kwanza, mukule, maneno yatafuata."

Msimamizi, mtu wa hukuhuku mjini, ambaye alipaswa kujua desturi, alikula na kuomba pilipili. Mimi pia nilikula. Kisha nikanawa mikono, nikafungua karatasi, nikauliza. Nyumba hii ina viti vingapi? Sufuria ngapi? Leo mmekula samaki au nyama?

Nikajaribu kumsaidia, au ndivyo nilivyodhani. "Mama, hivi viti si vyenu, sivyo?"

Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Mgeni ameshakalia kiti, nani atamwambia kwamba ni cha kuazima?

"Viti njo vya hapa kwetu, mwanangu," akasema.

Msimamizi alikuwa nyuma ya bega langu. Nikaandika vinne. Sufuria, tatu. Samaki, ndiyo, mifupa yake ilikuwa bado kwenye sahani yangu. Ningeweza kuandika sifuri, maana ukweli wote niliujua. Lakini tulikuwa tumefundishwa kuandika tunachokiona, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Majina yalipobandikwa kwenye ukuta wa kanisa la kambi, lake halikuwemo. Jirani aliyeficha mbuzi wake kwa shemeji na kutupokea akiwa ameketi mavumbini, yeye alipata. Simlaumu; alitufahamu kuliko sisi tulivyojifahamu.

Nilipeleka malalamiko ofisini. Walinipa fomu, wakasema asubiri uandikishaji ujao. Nikaenda kumweleza mama yule, tena kwa lugha yangu ileile ya vigezo na alama, mpaka alipoinua mkono kuninyamazisha.

"Kumbe mulikuja kuhesabu vyombo? Mimi nilizani ni wageni. Ungeniambia tu, mwanangu: mama, usitupokee."

Mvua za mwaka ule ziliwanyeshea chini ya nyasi zilezile. Kazi yangu ilipata alama nzuri, na mwalimu aliisifu hasa sura iliyomhusu mama yule. Niliona aibu, lakini aibu haiezeki nyumba.

Uandikishaji wa pili nilirudi na kizibao kilekile na msimamizi mwingine. Mama alikuwa ameketi chini mlangoni, kitenge kimechanika, mjukuu yuko mapajani bila nguo. Hakuinuka wala hakusema karibu. Tulisimama juani.

"Viti?"

"Hakuna."

"Sufuria?"

"Moja. Imetoboka."

"Leo mmekula nini?"

"Hatujapika."

Kwa majibu yale turubai lingepatikana, na kweli baadaye lilipatikana. Lakini ndani, nyuma yake, kulikuwa na kitu motoni. Harufu yake ilitufikia, mwanzoni nzuri, kisha ya kuungua. Binti yake aliinuka aende kuepua. Mama akamshika kitenge, akamkalisha. Msimamizi aliangalia karatasi zake. Mama aliniangalia mimi. Niliandika kwamba hawajapika, kisha nikauliza maswali yote yaliyobaki, moja moja, kwa sababu hairuhusiwi kuruka hata moja, na muda wote huo chakula chao kikaendelea kuungua.