Diski za Dhahabu za Herlinda

Wifi yangu Herlinda Chagala hajui kutulia. Hata chakula anakula amesimama, sahani mkononi, jicho dirishani. Nimeolewa na kaka yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema, na leo namsema. Hapa mjini kwetu Catemaco ndiye mpiga picha wa sherehe za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, na tangu aache filamu akanunua kamera ya kidijitali, amani ilimtoka kabisa. Filamu unaishika, alisema, unaiona. Hizi picha mpya ziko wapi? Kadi ikijaa unaifuta, na kompyuta ikikohoa tu, umekwisha.

Basi akahangaikia diski za kuhifadhia picha. Kwa unyevu wa ziwa letu hili, ambako hata viatu huota ukungu kabatini, alitaka diski itakayomzika yeye na kubaki. Akawa kiguu na njia kwenda bandarini Veracruz, ananunua za kampuni hii na ile, anazigeuza kwenye mwanga kutazama rangi ya tumbo: buluu, kijani, dhahabu. Akirudi anazirekodia zote picha zilezile, kisha anazilaza juu ya bati la nyumba, nusu zimefunikwa kwa kadibodi, jua lizijaribu.

"Wifi, umeanika samaki gani hao?" nilimuuliza.

"Cheka tu. Siku utakapotaka picha za harusi yako utanijia kwa magoti."

"Za harusi yangu zipotee hata leo! Nilionekana kama pipa."

Za buluu zilipauka, za kijani zikagoma kusoma, za dhahabu zikasimama imara. Sikupenda kumkubali, lakini alikuwa sahihi. Wateja aliwapa diski za kawaida, na nakala yake mwenyewe ya kila sherehe akaiweka kwenye dhahabu, ndani ya kasha gumu, kabatini, pamoja na vifuko vya mchele wa kufyonza unyevu.

Ila kuna jambo la kwetu. Kila kitu cha sherehe kina mama mlezi anayekigharimia: wa keki, wa viatu, wa picha. Mama mlezi wa picha hataki kusahaulika. Anataka diski ibandikwe karatasi ya mviringo, sura ya binti katikati ya mawaridi, na jina lake yeye pembeni kwa herufi za madaha. Herlinda alizibandika zote, hata zile za kabatini. Diski tupu, alisema, ni kama mtoto aliyetolewa nje bila nguo.

Msimu wa mvua, Yadira Temich alikuja, binti mpole ambaye Herlinda alimpiga picha mwaka uliotangulia. Baba yake, Abundio, alishika njia ya Kaskazini, kuvuka mpaka kutafuta kazi, baada tu ya sherehe, akapiga simu mara moja kutoka mpakani, kisha kimya. Ofisi inayotafuta waliopotea ilitaka picha ya uso wake. Abundio alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Siku pekee aliyokubali kupigwa ni ile ya sherehe, alipopiga goti, kama ilivyo desturi, kumvua binti viatu vya bapa na kumvisha vya visigino. Diski ya nyumbani kwao mama mtu aliiegemeza kwenye sanamu ya Bikira Maria dirishani, jua likaila.

"Hiyo ilikuwa ya kawaida," Herlinda alisema, tayari amefungua kabati. "Yangu ni ya dhahabu, mwanangu. Ondoa wasiwasi."

Karatasi ilikuwa imevimba kwa unyevu na kuinuka ukingoni. Kompyuta iliunguruma, ikatetemeka, ikaitema diski. Akairudisha. Ikatemwa tena.

"Karatasi ndiyo inaiyumbisha," alisema, kucha yake ikiwa imeshaingia ukingoni.

"Iache, wifi! Kesho tumpelekee fundi bandarini."

"Mama, mimi naweza kusubiri," Yadira alisema.

Lakini Herlinda na kusubiri ni maji na mafuta. Alivuta. Karatasi ilitoka kwa urahisi hata nikafurahi, kisha nikaona vidole vyake kupitia diski, kama kupitia kioo cha dirisha. Dhahabu yote, na picha zote ndani yake, ilikuwa imeng'ang'ania mgongo wa karatasi. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote.

Yadira aliichukua karatasi, akajiona kati ya mawaridi, akaigeuza.

"Baba yuko huku?"

"Yuko."

"Na hatoki?"

"Hatoki, mwanangu. Nisamehe."

Binti hakulia. Ingekuwa heri alie.

"Basi nitawaeleza kwa mdomo," alisema. "Si mrefu. Ana nywele nzito. Ana kovu kwenye nyusi..." Akasita. "Mama Herlinda, wewe ulimtazama kwa karibu kupitia kamera. Kovu lake liko nyusi ya kulia au ya kushoto?"

Herlinda alifumba macho. Akainua kidole kwenye nyusi yake mwenyewe, upande huu, kisha upande ule, kisha huu tena.