Langalanga Katika Ghala la Kahawa

Walisema sitaweza. Walisema hakuna mtu wa Kimuli atakayeacha mpira wa Jumapili akaketi kutazama magari yanayozunguka bila kufika popote. Jirani yangu, mfanyabiashara wa ndizi anayeijua barabara ya Kayanga shimo kwa shimo tangu enzi za lori lake, alinihoji dukani mbele ya watu.

"Hayo magari yako yanakwenda wapi?"

"Yanazunguka."

"Yakishazunguka?"

"Yanarudi yalipoanzia."

"Na hayabebi hata mkungu mmoja?"

Watu walicheka mpaka mwenye duka akamwaga sukari aliyokuwa akipima. "Bwana diploma," jirani akamalizia, "umekaa Uarabuni miaka yote hiyo, umetuletea upepo."

Mtu mwenye stashahada ya ufundi wa magari, tena aliyoisomea kwa pesa zake mwenyewe za kuosha malori, hana sababu ya kubishana dukani. Kule Ghuba nilifanya kazi kwenye uwanja wa langalanga, yale mashindano ya magari ya kasi, nikifagia vipande vya mpira vinavyobanduka kwenye matairi. Nimesimama karibu na yale magari kuliko mtu yeyote wa Kyerwa ninayemfahamu, na nalisema bila aibu. Gari la langalanga unalisikia kifuani kabla hujaliona. Kisha limeshapita, hewa inatetemeka pale lilipokuwa, na wewe huna hakika kama umeona kitu au umeota.

Nilirudi nyumbani na ndoto hiyo ndani ya flashi ndogo iliyojaa mashindano ya zamani. Nilitaka kuyaonyesha na kuyatafsiri kwa sauti, kama wanavyotafsiriwa Wachina wa filamu kwenye mabanda umiza ya video. Lakini sikuwa na vifaa, kwa hiyo niliazima. Jenereta ilitoka kwa mwenye saluni, projekta kwa mwalimu wa sekondari, mabenchi kwa kwaya ya Kilutheri, shuka jeupe kwa shangazi. Baba mdogo alinipa ghala lake la kahawa, lililokuwa tupu. Wote walinipa sharti moja: kahawa ikiiva, kila mtu arudishiwe chake. Kama kufikia hapo sijapata vyangu, basi langalanga imekwisha, nami nitashika jembe kwenye kibanja huku jirani akinisalimia kwa kicheko.

Wiki za kwanza walikuja watu sita, saba. Hata hivyo nazikumbuka kama kitu kitamu. Tulifunga madirisha kwa magunia, na mwanga wa mchana ukapenya kwenye matundu ya misumari juu ya bati, vidoadoa, kama nyota zilizokosea saa. Ghala lilinukia kahawa ya miaka iliyopita. Kwenye shuka la shangazi walipita madereva wa kale wenye kofia za ngozi na mikono mitupu, wakiendesha magari membamba kama mitumbwi ya kukamulia ndizi za pombe. Alipita yule aliyekuwa akienda kasi zaidi kadiri mvua ilivyozidi, kana kwamba maji yalimwonyesha njia ambayo wenzake hawakuiona. Niliwatafsiri wote kwa Kiswahili, na palipohitaji utamu niliweka Kinyambo chetu. Sauti yangu ni nzuri. Hilo hata jirani hakuwahi kulikana.

Kahawa ilikuwa imeanza kubadilika rangi matawini Jumapili ile mvua ilipowakuta watu wakitoka kanisani. Walikimbilia ghalani kujikinga, Wakatoliki na Walutheri pamoja, na jirani yangu katikati yao. Nikajua hii ndiyo nafasi yangu. Niliweka shindano la dereva mmoja wa Ulaya, bingwa wa enzi zake, ambaye gari lake liliacha barabara msituni, likagonga ukingo na kushika moto. Moto ulitanda shuka zima. Hapohapo jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Petroli imekwisha.

Tukabaki na giza na kishindo cha mvua juu ya bati.

"Amekufa?" aliuliza mama mmoja mzee aliyeketi benchi la mbele.

Nikajibu kwa mbwembwe, kama nilivyowaona watangazaji wa kule wakifanya: "Mama, njooni Jumapili ijayo mtajua."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Mwanangu," akasema yule mama, "unatuonyesha mtoto wa watu anaungua, halafu unatuambia twende tukale? Hatutoki."

"Lakini mama, hii ni ya zamani sana."

"Kwetu ni ya leo."

Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakashuka kwenye mabenchi, wakaketi chini na kunyoosha miguu, vitenge kichwani. Nilipowaona wamekaa hivyo ndipo nilipoelewa: nimewaleta watu msibani bila kuwaambia kama kuna maiti.

Basi nikasimama mbele ya shuka lisilo na picha, nikasimulia. Niliwaambia kwamba madereva wenzake walisimamisha magari yao, wakaingia motoni kumchomoa. Kwamba hospitalini padri alimpaka mafuta ya wagonjwa. Wakatoliki wakaguna. Kwamba baada ya wiki chache alirudi mashindanoni, vidonda vibichi, bandeji ikigandamana na helmeti. Na kwamba shindano la mwisho la mwaka lilikuta mvua kama hii yetu. Alikuwa anaongoza kwa pointi za mwaka mzima. Akazunguka mara mbili, akaona barabara haionekani, akasimamisha gari kwa hiari yake na kushuka.

"Akauacha ubingwa?" jirani akauliza.

"Akauacha. Ukaenda kwa mwenzake kwa pointi moja."

"Moja! Ningekuwa mimi, ningekanyaga mafuta."

"Ndiyo maana lori lako liko bondeni mpaka leo," mama akamjibu, na ghala zima likalipuka kwa kicheko, jirani mwenyewe akiwamo.

"Lakini alipona?" mama akarudia.

"Alipona, mama. Na mwaka uliofuata akawa bingwa tena."

Wakapiga makofi gizani, taratibu, kama watu wanaoamka. Mvua ilikuwa imekatika muda mrefu.

Jumapili iliyofuata mabenchi hayakutosha. Bodaboda zilileta watu kutoka Bugomora. Tangu siku ile nilianza kila shindano kwa kuwaambia nani atapona na nani hatapona, ili wakae wakijua wamekuja kwenye jambo gani. Viingilio vikaninunulia jenereta, kisha projekta, kisha mbao na bati.

Kahawa ilipoiva nilikodi pikapu siku moja, nikapita kwa wote walioniazima. Kwetu humrudishii mtu kitu chake mikono mitupu. Jenereta ilikwenda na tangi limejaa, projekta na mkungu wa ndizi, mabenchi ya kwaya yamepigwa vanishi, shuka limefuliwa na kufungiwa kilo mbili za sukari. Nilimalizia kwa baba mdogo. Nilimsalimia shikamoo, nikampa ufunguo na debe la maharage. Ghala nililifagia kwa mikono yangu mwenyewe.

"Marahaba. Sasa Jumapili utaonyeshea wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, ng'ambo ya migomba, paa jipya likimetameta juani.