Swali la Lidwina na Treni ya Makambako

Mwaka tisini na tatu, msichana wa kidato cha nne alipotea Songea. Siku hiyohiyo akapotea na mwalimu wake wa Jiografia.

Unajua mji ulivyo. Kufika jioni, mtaa wetu wote wa Lizaboni ulikuwa umeshawaozesha.

Msichana mwenyewe ni dada yangu, Lidwina. Ngoja niwape mkasa wote, maana kipande cha mwisho mimi mwenyewe nimekijua juzijuzi tu.

Lidwina alikuwa mtu asiyetulia. Akisonga ugali, macho yako barabarani. Likipita lori, atataka kujua linatoka wapi na linakwenda wapi.

Jiografia ndiyo ikammaliza kabisa.

Alikuwa anachora mto Rhine na reli za Ujerumani kwa kichwa, bila kufungua kitabu. Wakati huo hajafika hata Mbinga.

Alisoma Mjimwema, kwenye moja ya zile shule binafsi zilizokuwa zinaota kila kona. Darasa bado linanuka saruji, na walimu ni wa kuokoteza. Wa Jiografia aliitwa Makarius, kijana aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo.

Siku hiyo anafundisha usafiri wa reli. Yeye anasoma kitabuni, wao wanaandika.

Lidwina akanyoosha mkono.

"Mwalimu, treni ina mabehewa mengi. Ikifunga breki ghafla, kwa nini ya nyuma hayaparamii ya mbele?"

Makarius akafunua ukurasa. Akaurudisha.

"Andika nilichosoma."

"Nimeandika, mwalimu. Nauliza tu."

"Kwani wewe umewahi kuiona treni?"

"Hapana. Wewe umeiona?"

Anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na kejeli. Alitaka kujua tu. Lakini darasa likaangua kicheko, na Makarius akabadilika uso.

"Toka nje. Usirudi bila mzazi."

Sasa mzazi atatoka wapi? Baba alishafariki. Mama, Ida, yuko Namtumbo anakusanya mahindi. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa huru, kila mwenye kamtaji yuko vijijini anagombania magunia. Mahindi yake yalikuwa yanapelekwa Makambako na lori la mzee mmoja Myao, Majidi.

Makambako kuna reli.

Usiku huo Lidwina alijigeuza kitandani mpaka mimi niliyelala naye nikahamia chini.

Alfajiri akavaa sare, akaipita shule, akaenda lilipoegeshwa lori.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hakuna shule?"

"Nimeruhusiwa. Mama kasema nisimamie magunia yake yakipimwa."

Majidi akamtazama kidogo. "Haya. Bismillahi, panda."

Njia nzima hakusinzia. Kila kilima anakisoma kama yuko kwenye karatasi ya mtihani. Walipofika Makambako upepo unakata masikio, na yeye ana blauzi ya shule tu. Magunia hakuyaangalia hata kidogo. Akauliza njia ya stesheni, akaenda mbio.

Treni ya kutoka Zambia ilikuwa haijafika. Watu wamejilaza juu ya mizigo.

Kwenye benchi la mwisho, Mwalimu Makarius.

"Shikamoo, mwalimu." Mdomo ulijisemea wenyewe.

Makarius akasimama kama mtu anayetaka kukimbia.

"Nani kakutuma unifuate?"

"Hakuna, mwalimu. Nimekuja kuona treni."

Akakaa chini polepole.

"Na mimi," akasema.

Wakakaa, mmoja ncha hii ya benchi, mwingine ncha ile. Lidwina hakujua atie wapi mikono. Alijua kabisa mtu wa Songea akipita pale na kuwaona, habari yake imekwisha. Lakini kuondoka hakuweza.

Treni ikaja jua limeshainama. Kwanza aliisikia kwenye nyayo. Halafu ikatokea, na ikawa haiishi kupita. Iliposimama, mabehewa yaligongana kidogo, ko-ko-ko, mpaka la mwisho kabisa.

Makarius akainama kati ya mabehewa mawili. Akamwita fundi aliyekuwa akikagua magurudumu.

"Samahani kaka, hili bomba ni la nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza Lidwina kumwona mwalimu wake akiuliza kitu. Akaambiwa ni bomba la breki, limeunganishwa kutoka behewa hadi behewa, dereva akifunga, yote yanashika kwa pamoja.

Makarius akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Majidi aliwakuta hapohapo. Aliangalia sare, akamwangalia mwalimu.

"Binti, mama yako hakukutuma."

"Hakunituma, baba."

Hakufoka. Alimpeleka Lidwina kulala kwa dada yake mwenyewe aliyeishi palepale, mwalimu akalala kwenye lori juu ya katoni za sabuni. Kesho yake aliwashusha Songea sokoni mchana kweupe, yeye mwenyewe katikati.

Mama alikuwa amesimama pale, na kanga ya safari bado kiunoni.

"Majidi, mwanangu amelala wapi?"

"Kwa dada yangu. Huyu kalala kwenye lori. Wallahi, mama Lidwina."

Mama akapumua. Kisha akampiga Lidwina kofi moja, la uongo wa magunia.

Bodi ya shule ikakaa. Makarius akawaambia alikwenda kuiona treni ili aweze kuifundisha. Mwenyekiti akacheka mpaka akafuta macho. Lidwina akafyeka uwanja wiki nzima, yakaisha. Kanisani walimnyooshea vidole muda kidogo, wakachoka.

Makarius akaenda chuo, akarudi, akafundisha Jiografia mkoani hapa mpaka mwisho wa maisha yake. Kila mtu alimjua kama mwalimu aliyesafiri hadi Makambako kwa ajili ya swali la mwanafunzi.

Mwaka huu tumemzika Peramiho. Padri akakisimulia kisa hicho, watu wakalia.

Tukiwa njiani kurudi, Lidwina akasema, "Hakwenda kuangalia treni."

Nikamgeukia.

"Alikuwa na mfuko. Blanketi, vitabu, mpaka sufuria. Alikuwa anakimbilia Dar. Filimbi ilipolia alikuwa ameshapanda ngazi ya behewa."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nikamwambia, mwalimu, mtihani ni Jumatatu. Akasema watafute mtu anayejua, yeye amechoka kuogopa mikono ikinyooshwa. Nikamwambia, si sasa hivi umejua? Treni ikaanza kutembea. Kwanza nikaona mfuko unaanguka. Halafu na yeye."

Mzee Majidi naye aliuona ule mfuko. Aliufunika na turubai, hakuuliza neno.

"Na miaka yote hii ukanyamaza?"

"Alirudi," Lidwina akasema. "Ningeongeza nini?"

Mkasa huu nimeuleta hapa kwa ruhusa yake. Ukimjua mtu aliyewahi kukata tamaa kisha akarudi kwenye kazi yake, mwachie heshima yake. Na wewe mwalimu unayesoma hapa, mtoto akiuliza usichokijua, mwambie hujui.

Makambako ni mbali.